Miezi Minne na Unga wa Upupu: Tathmini ya Mgonjwa wa Parkinson

Kila aliyekulia shambani huku kwetu pwani anaujua upupu kwa ngozi yake kabla hajaujua kwa jina. Ni ule mmea unaotambaa juu ya vichaka, wenye maganda yaliyofunikwa na malaika ya rangi ya dhahabu, ambayo upepo ukiyapeperusha hadi shingoni mwa mtu, basi saa hiyo hana kazi nyingine ila kujikuna. Sikuwahi kufikiri kwamba nikiwa na umri wa miaka 64 ningekaa mezani kila alfajiri nikipima gramu kwa gramu mbegu za mmea huohuo zilizosagwa, nikitarajia zinirudishie mkono wangu wa kulia. Nimezitumia kwa miezi minne, kutoka kwa wauzaji wawili, na naandika tathmini hii kwa sababu nilipokuwa nikitafuta maelezo kwa Kiswahili kabla ya kununua nilikuta matangazo matupu, na hakuna tangazo hata moja lililosema jambo ambalo mgonjwa anapaswa kulijua kwanza: kwamba ndani ya mbegu hizo mna dawa ileile anayopewa hospitali, isipokuwa haikupimwa.

Nieleze kwanza hali yangu, kwa kuwa ugonjwa huu haufanani kwa watu wawili. Nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka 31 hapa Tanga, na ugonjwa ulinijia kwa njia ya kalamu. Mwandiko wangu ulianza kusinyaa kadiri mstari ulivyosonga mbele, hata tarakimu za mwisho wa safu zikawa hazisomeki, na vijana wa ofisini wakawa wananijia kwa adabu kuniuliza, "Mzee, hii ni tatu au nane?" Miaka kadhaa kabla ya hapo nilikuwa siusikii tena udi ambao mke wangu hufukiza kila Alhamisi jioni, nikadhani ni mafua yasiyokwisha, leo najua kwamba kupotea kwa harufu ni miongoni mwa dalili zinazotangulia kutetemeka kwa muda mrefu. Mwaka 2021 daktari wa mishipa ya fahamu alinitazama nikitembea, akanikunja kiwiko na kukiona kinakwama kama bawaba yenye kutu, akanitaka nigonganishe kidole gumba na cha shahada kwa haraka, na akanipa jina la ugonjwa. Nilikuwa na bahati kuliko wengi. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliopatikana vijijini hawakuwa wamewahi kutambuliwa kabisa, na wapo jamaa wanaoamini kwamba ni uzee tu au ni kurogwa.

Nilianzishiwa vidonge vyenye miligramu 250 za levodopa na 25 za karbidopa, nusu kidonge mara tatu kwa siku, na kwa miaka mitatu vilinitosha. Kisha dawa ikaanza kuisha nguvu kabla ya saa yake. Nikimeza saa moja asubuhi, saa tano mguu wa kulia unaanza kugandia sakafuni, na ifikapo saa sita siwezi kujifunga vifungo vya shati. Juu ya hayo, vidonge vyenyewe hupotea madukani. Levodopa pamoja na karbidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwamo katika orodha si kuwamo rafuni, na mara mbili katika mwaka mmoja nimezunguka maduka yote ya dawa ya mji huu na kurudi mikono mitupu. Hali hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye upupu, wala sikukimbilia huko kwa kuidharau hospitali.

Msomaji aniwie radhi nikikaa kidogo juu ya namna mbegu hizi zinavyofanya kazi, kwa kuwa hapo ndipo wauzaji wanapopotosha. Parkinson huua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoupa mwili ruhusa ya kusogea kwa wepesi. Dopamini yenyewe haiwezi kumezwa ikafika ubongoni, kwa sababu haipenyi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Levodopa hupenya, na ikishaingia hugeuzwa kuwa dopamini. Mwaka 1937 wanasayansi wa India walitenga levodopa kutoka kwenye mbegu za upupu, zaidi ya miaka 20 kabla ya madaktari wa Vienna, Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz, kumdunga mgonjwa wa Parkinson dawa hiyo na kuona mtu asiyeweza kuinuka kitandani akisimama. Tiba ya jadi ya India, inayouita mtetemeko wa namna hii kampavata, imeitumia mbegu hiyo tangu zamani sana. Kwa hiyo mtu akisema upupu "unasaidia Parkinson" hasemi uongo. Uongo unaanza pale anapoongeza kwamba unasaidia kwa sababu si dawa.

Kazi ya karbidopa katika kidonge cha hospitali ni kuzuia levodopa isivunjwe tumboni na kwenye damu kabla haijafika ubongoni. Unga wa upupu hauna karbidopa, na kwa hiyo huhitajika levodopa mara nne au tano zaidi ili kupata matokeo yaleyale, na ile inayobadilika kuwa dopamini njiani ndiyo inayoleta kichefuchefu na kushusha shinikizo la damu. Katika jaribio lililofanywa London na kuchapishwa mwaka 2004, wagonjwa wanane walipewa kwa zamu gramu 30 za unga maalumu wa upupu na kidonge chenye miligramu 200 za levodopa na 50 za karbidopa; upupu ulianza kazi baada ya kama dakika 34 ilhali kidonge kilichukua dakika 68, na nafuu yake ilidumu zaidi. Habari hiyo utaikuta katika kila tangazo. Usiyoikuta ni ya jaribio la baadaye, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2018, ambapo wagonjwa 14 waliutumia upupu kila siku kwa wiki nane na vidonge kwa wiki nane. Saba kati yao waliacha upupu kabla ya wakati, wengine kwa matatizo ya tumbo na wengine kwa sababu mwendo wao ulizidi kuharibika.

Nilianza na kopo lililotoka India, ambalo mpwa wangu alinitumia kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 85,000, lenye gramu 250. Kopo hili lilinipendeza kwa jambo moja: lebo yake ilitaja asilimia ya levodopa iliyomo, namba ya toleo na tarehe ya kuharibika. Unga ni wa kahawia iliyofifia, mwepesi, wenye ladha ya kunde zilizoungulia sufuriani na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi kwa muda. Nilijaribu kuuchanganya na maziwa, ikawa kosa, kwa sababu protini ya chakula hugombania na levodopa njia moja ya kuingia katika damu. Tangu hapo nimekuwa nikiukoroga katika maji ya uvuguvugu yenye limau, na sili chochote kwa muda wa saa nzima. Haukorogeki vizuri. Usipoukazania kijiko, nusu yake hubaki chini ya kikombe, na hapo umekwisha kupunguza dozi bila kujua.

Ndani ya kopo mlikuwa na kijiko cha plastiki, na maelekezo yalisema "kijiko kimoja". Mimi ni mtu wa hesabu, na neno hilo halikunitosha. Jirani yangu ni sonara, nikamwomba mizani yake ya kupimia dhahabu kwa mchana mmoja, nikachota kijiko hicho mara kumi nikikiandika kila mara. Kilichochotwa kwa kukatwa juu kilikuwa na gramu 4 na nukta kidogo. Kilichojaa kwa kifundo kilikaribia gramu 7. Mkono wangu ukitetemeka, tofauti ilikuwa kubwa zaidi, na mikono ya wateja wa bidhaa hii inatetemeka karibu yote. Mtengenezaji anayewajua wanunuzi wake angeweka unga huo katika vipakiti vilivyokwisha kupimwa. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kopo lile, na nilinunua mizani ndogo ya jikoni ili kuiziba.

Matokeo yake lakini siwezi kuyakana. Nilikuwa na daftari lenye safu nne: saa ya kunywa, saa mkono ulipolegea, saa nguvu zilipoisha, na dakika zilizonichukua kufunga vifungo sita vya shati. Asubuhi ya tatu nilikunywa saa kumi na moja na nusu, kabla ya kidonge, na nilipokuwa bado nimekaa kwenye mkeka nikisubiri, nikahisi bega la kulia likishuka lenyewe kama mzigo umeondolewa. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Kidonge changu kilikuwa kinachukua karibu saa nzima. Nilifunga vifungo vyote sita kwa dakika mbili, kazi ambayo wiki iliyotangulia ilinichukua dakika tisa na kuishia kwa mke wangu kunimalizia. Niliandika jina langu chini ya ukurasa na herufi ya mwisho ilikuwa na ukubwa wa ya kwanza. Niliutazama mstari ule kwa muda mrefu, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Kosa langu lilikuwa kwamba sikumwambia daktari. Nilijiambia kwamba ni mbegu tu, ni chakula, na kwamba akijua atanikataza. Kopo lilipokwisha baada ya wiki saba, na fedha nazo zikiwa zimekwisha, nikanunua pakiti ya hapahapa mjini kwa muuzaji mmoja wa dawa za asili, gramu 200 kwa shilingi 15,000. Pakiti ile haikuwa na asilimia yoyote, wala namba ya usajili, wala tarehe. Ilikuwa na picha ya ubongo unaong'aa na maneno kwamba dawa hii huponya Parkinson kabisa na haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Pakiti ya kwanza haikufanya chochote. Nilipandisha kutoka kijiko kimoja hadi viwili, kisha vitatu, na muuzaji akaniambia niwe na subira na nipunguze vidonge vya hospitali kwa sababu "vinagombana". Namshukuru Mungu kwamba sikumtii katika hilo la pili.

Kisha nikafungua pakiti ya pili, ya jina lilelile na picha ileile, nikachota vijiko vitatu kama nilivyozoea. Nusu saa haikufika. Kichwa na bega vilianza kujinyonganyonga bila hiari yangu, mguu ukarusha kandambili hadi mlangoni, na kichefuchefu kikanipanda hata nikatapika kila kilichokuwamo. Nilipojaribu kusimama kwenda kunawa, macho yakaingia giza na nikaanguka kati ya kitanda na kabati. Binti yangu aliponiinua aliniuliza, "Baba, umekunywa nini?" na nikaona haya kumwonyesha. Shinikizo langu la damu nilipofikishwa hospitali lilikuwa chini mno. Hakuna mfupa uliovunjika, na katika umri wangu hilo ni jambo la kushukuru.

Daktari wangu, ambaye ni mdogo kuliko binti yangu, hakunifokea. Alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniuliza, "Mzee wangu, ungekuwa bado ofisini, ungepokea hesabu zenye safu ya kiasi iliyoachwa wazi?" Akanieleza kwamba mbegu za upupu hutofautiana kwa aina, kwa udongo, kwa jinsi zilivyokaushwa na kuhifadhiwa, kwamba zikilowekwa na kuchemshwa hupoteza sehemu ya levodopa, na zikikaangwa tu hubaki nayo zaidi, na kwamba hata huko Marekani, bidhaa za upupu zilipopimwa katika maabara, kiasi cha levodopa katika kipimo kimoja kilikutwa ni miligramu chache mno katika bidhaa moja na zaidi ya 200 katika nyingine, huku lebo nyingi zikiwa si sahihi. Pakiti zangu mbili zilikuwa mfano wa jambo hilohilo juu ya meza moja.

Nikiwa kwenye benchi la kliniki siku ile nilikaa karibu na kijana aliyemleta bibi yake. Bibi alikuwa ameacha vidonge ghafla wiki moja kabla, kwa ushauri wa muuzaji, na sasa mwili ulikuwa umekakamaa kama ubao, ana homa, na hawezi kumeza mate. Kuacha levodopa kwa ghafla kunaweza kumuua mtu. Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa aliyempa ushauri huo hakuwepo kwenye benchi lile, na bila shaka siku hiyohiyo alikuwa akimuuzia mtu mwingine. Mwenye dawa ya kweli hana haja ya kumtupisha mgonjwa dawa nyingine.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya bidhaa hizi mbili haiwezi kuwa moja. Pakiti isiyo na kipimo siipendekezi kwa mtu yeyote, kwa bei yoyote, hata ikitolewa bure, na haijalishi kwamba wiki fulani ilimsaidia fulani. Kopo lenye asilimia na namba ya toleo ni kitu kingine: lilinipa nafuu ya kweli, ya haraka, na naweza kuelewa kwa nini mgonjwa asiyepata vidonge kabisa angelitafuta. Watafiti waliofanya majaribio ya upupu nchini Bolivia walikuwa na fikra hiyohiyo, kwamba katika nchi ambako vidonge ni ghali au havipatikani, mbegu inayoota yenyewe inaweza kuokoa miaka ya maisha ya mtu. Lakini hata kopo hilo halifai kwa anayeona maruweruwe, wala kwa anayetumia dawa za kundi la vizuizi vya MAO (zinazozuia kimeng'enya kinachovunja dopamini) bila daktari kujua, na anayemeza dawa za kushusha shinikizo la damu awe mwangalifu zaidi ya mimi. Wapo pia wanaoongeza vidonge vya vitamini kwa nia njema. Vitamini B6 kwa wingi huharakisha kuvunjwa kwa levodopa isiyo na karbidopa, na hapo unga wote unakuwa umepotea bure. Na asije mtu akaenda porini na panga kuvuna mwenyewe. Malaika ya maganda yakiingia machoni ni balaa, na mbegu za kuokota hazina tofauti na pakiti yangu ya pili.

Kilichonishangaza ni kwamba msaada mkubwa zaidi haukutoka kwenye mbegu kabisa. Baada ya kulisoma daftari, daktari alibadili mpangilio wa vidonge vyangu: dozi ndogo zaidi, mara tano kwa siku, mbali na chakula chenye nyama, samaki au maharage, na protini nyingi nikaihamishia chakula cha usiku. Saa za mkono kugandamana zimepungua kutoka tano kwa siku hadi mbili hivi. Mabadiliko hayo hayakunigharimu shilingi hata moja. Yalihitaji safu zile nne za daftari, ambazo nisingeziandika kama si upupu, na kwa hilo sijuti kuujaribu.

Mpwa wangu ameniletea kopo la pili la kampuni ileile. Limo kabatini, na juu ya kifuniko nimebandika karatasi ya daktari yenye kiasi kwa gramu, si kwa vijiko, kwa ajili ya siku ambazo vidonge vitakuwa vimeadimika mjini. Nimeligeuza na kusoma sehemu ya chini: namba ya toleo si ile ya kopo la kwanza. Nitakapolifungua nitaanza tena na robo ya kipimo, asubuhi, mke wangu akiwepo, nikiwa nimekaa, na mizani ikiwa mezani.